Ukizama kwenye kazi, panga kwanza utatokaje

Wengi wetu wenye usonji (autism) tunaijua hii. Unakaa kwenye kompyuta saa tatu asubuhi unasema narekebisha kitu kidogo tu, ukija kushtuka nje giza, chai uliyojimiminia imefanya utando juu, mguu mmoja umekufa ganzi na kibofu kinauma kama vile kimekuita mchana kutwa ila wewe hukuwepo. Na kazi imetoka nzuri kweli. Ingekuwa inatoka mbaya tungeshaacha zamani.

Mi sikuandikii ili uache kuzama, kwanza kwa wengine wetu ndo saa pekee kwenye siku ambayo kichwa kinatulia, kwa nini mtu aitupe. Nataka tu uwe unatengeneza njia ya kutokea kabla hujaingia, maana ukishakuwa ndani we sio mtu wa kuaminiwa kwenye swali la kutoka, utasema "dakika tano tu" na utakuwa unaamini kabisa unachosema.

Kwa nini tuko hivi? Mwaka 2005 watafiti Dinah Murray, Mike Lesser na Wenn Lawson waliandika kwamba usonji unaelezeka vizuri ukiutazama kupitia umakini: kila mtu ana kiasi chake cha umakini, sasa kuna watu wanakigawa kidogo kidogo kwenye mambo mengi kwa wakati mmoja, na kuna sisi tunaomwaga karibu chote kwenye jambo moja. Inaitwa monotropizimu. Ukiishika hiyo unaona mengi, mtu kakuita mara tatu hujasikia sio kiburi, na kupitiliza chakula cha mchana sio bidii wala nini, ni kwamba hakuna umakini uliobaki wa kusikilizia hayo mengine. Halafu wengi wetu hata tukiwa tumekaa bure taarifa za ndani ya mwili, njaa, kiu, haja, zinafika zimechelewa au zimechanganyika, unadhani umekasirika kumbe una njaa. Jumlisha na kuzama hapo. Sio kila mwenye usonji yuko hivi, tusiwekane kapu moja, ila kama uko hivi endelea kusoma.

Cha kwanza, kabla hujagusa kazi, andika kwenye karatasi kazi ni ipi na itakuwa imeisha lini. Sio kichwani, kwenye karatasi, iwekwe pale macho yanapoangukia. Ya kwangu ya juzi ilisema hivi: "Kuoanisha risiti na majina. Imeisha ikiwa kila mstari una risiti au una alama nyekundu." Basi. Nilianza kuandika hivi baada ya siku moja kutumia mchana mzima kuchagua ni nyekundu gani hasa, yaani nyekundu ipi kati ya nyekundu, na sikuona tatizo lolote nilipokuwa naifanya. Kuzama hakuchagui kitu muhimu, kunachagua kitu kilichokunasa. Kama kazi umepewa na bosi basi muulize yeye, "nikifika wapi utasema inatosha?", muulize mapema hata kama swali linasikika la kitoto, wengi hawajawahi kujiuliza wenyewe.

Vitu vya mwili viandae pia kabla. Chakula kinacholika bila maandalizi kiwe karibu, maji yawe kwenye chupa, chooni uende kabla ya kukaa hata kama huhisi haja, na hapo usiusikilize mwili, fuata saa. Kula kwa saa, kunywa kwa saa. Watu watakwambia "sikiliza mwili wako", ushauri mzuri sana kwa mtu ambaye mwili wake unaongea kwa sauti.

Sasa alamu. Alamu ya kwenye simu iliyo pembeni ya mkono haina maana, mkono unajifunza kuizima wenyewe, mimi nimeshakuta alamu nne zimezimwa na sikumbuki hata moja. Iweke simu upande wa pili wa chumba ili usimame, ukishasimama nusu ya kazi imeisha. Weka mbili. Ya kwanza haisemi "toka", inasema "anza kutafuta pa kuishia", ya pili inakuja kama dakika 15 baadaye na hiyo ndo ya kutoka kweli. Ukiweka moja tu utakatwa katikati ya wazo, utaichukia, na kesho hutaiweka. Mlio nao chagua usiokuumiza, kama masikio yako hayavumilii kelele tumia saa ya mkononi inayotetema. Na ile mbinu ya Pomodoro ya Francesco Cirillo, dakika 25 kazi na 5 kupumzika, kama inakufaa tumia, mimi dakika ya 20 ndo kwanza kichwa kinaanza kuzama halafu kitu kinanivuta juu, naishia kutwa nzima niko njiani sijafika. Saa moja na nusu ni afadhali kwangu. Jaribu urefu tofauti, andika uone.

Kati ya alamu ya kwanza na ya pili fanya kitu kimoja, andika noti ya kurudia. Hii ukiipuuza ndo utakuwa unashindwa kutoka, kwa sababu kinachotung'ang'aniza mara nyingi sio utamu wa kazi peke yake, ni hofu kwamba ukiondoka lile jengo zima ulilolishikilia kichwani litaporomoka na kulijenga upya itakuchukua nusu siku. Na ni kweli litaporomoka! Kwa hiyo litoe kichwani uliweke chini. Mfano wangu: "Nimeishia mstari wa 214, jina halilingani na risiti, nahisi ni mtu mmoja kaandikwa mara mbili, angalia tarehe. Usiguse 180 hadi 190, ziko sawa." Iandike kama unamwandikia mtu mwingine, maana wewe wa kesho ni mtu mwingine.

Noti hiyo hiyo inasaidia na shida ya upande wa pili, kuanza. Maana injini ni moja, inayokataa kusimama ndo hiyo hiyo inayokataa kuwaka, unakaa mbele ya kazi unayoitaka kabisa na mwili hauendi, watu wanaona uvivu. Ukikuta kitu kidogo kisichohitaji kuamua, kama "angalia tarehe mstari wa 214", unaingia bila kujijua. Wengine wanaanza kwa kukaa na mtu pembeni naye anafanya yake, hamuongei, hata kwa video inafanya kazi. Wengine wimbo mmoja tu unarudiwa mpaka majirani wanahama.

Kwa mnaofanya kazi nasi au kuishi nasi: msitushike bega kwa nyuma. Tumeni meseji, "nakuhitaji ukifika pa kuishia", kisha mtupe dakika. Kama ni haraka kweli njoo kwa mbele ambapo nitakuona, taja jina, ngoja macho yanyanyuke, halafu swali moja. Jibu la kwanza likiwa kali au likiwa hakuna, mtu bado hajafika juu. Na maboss, kuna sehemu nilikuwa nasifiwa mbele za watu kwa kutokwenda kula, nikafanya hivyo karibu mwaka mzima, halafu ikafika asubuhi siwezi kusoma hata barua pepe, herufi naziona maana haiji. Msisifie hiyo. Sifieni kazi.

Ukishatoka usiruke moja kwa moja kwenye kikao. Mzamiaji wa baharini akiibuka haraka kutoka kina kirefu naitrojeni inafanya mapovu mwilini na anaweza kufa, ndo maana wanapanda taratibu na kusimama njiani. Sisi hatufi ila ile dakika ya kutoka kichwani kwenda kwenye maongezi ya watu watano ndo machozi na ugomvi mwingi unatokea hapo. Weka dakika 15 za kutofanya kitu, taa ndogo, kutembea, kimya. Kwenye kalenda ziandike kama kazi vile, usieleze mtu.

Angalia pia unazama au umenasa. Ukizama ukitoka umechoka ila uko sawa. Ukinasa unaendelea huku unaichukia, unarudia kile kile, usingizi umekatika siku kadhaa na huwezi kuacha, hiyo mbinu za alamu haziitibu, mwambie mtu wa karibu na utafute daktari au mshauri anayeujua usonji.

Na siku mbinu hizi zote zikifeli, maana zitafeli, umeshtuka ni saa nne usiku na karatasi imefunikwa na vitu, usianze kujitukana. Choo. Maji. Chakula. Noti ya kurudia, mistari miwili. Ndo ufungue simu, hizo meseji zilizorundikana zimeshangoja saa sita, zitangoja umalize kutafuna.