Jinsi ya Kudai Urejeshewe Pesa au Ubadilishiwe Gari Jipya Lenye Kasoro, Mombasa

Majimbo ya Marekani yana sheria maalumu zinazomlazimu mtengenezaji kulibadilisha au kulinunua tena gari jipya ambalo kasoro yake imeshindikana kurekebishwa. Kenya haina sheria ya namna hiyo. Mnunuzi wa Mombasa hutegemea Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na dai lake humwelekea kwanza muuzaji aliyepokea pesa, kwa kuwa ndiye aliyefunga naye mkataba.

Anza na karatasi za gereji. Kila unapolirudisha gari, soma kilichoandikwa kabla ya kutia sahihi, maana mara nyingi mteja hueleza kwamba giaboksi inaruka anapopanda daraja la Nyali, naye karani akaandika "sevisi ya kawaida" tu. Mwombe aandike lalama kwa maneno yako, tarehe na kilomita zilizosomwa kwenye dashibodi, kisha akupe nakala. Iwapo kasoro inarudi, lipeleke gari kwa mkaguzi asiyefungamana na muuzaji, kama vile AA (chama cha wenye magari), akupe ripoti ya maandishi.

Hatua inayowaponyoka wengi ni kulikataa gari mapema. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa humhesabu mnunuzi kuwa amelikubali gari akikaa nalo kupita muda wa kiasi bila kumjulisha muuzaji kwamba amelikataa, na akishalikubali, kwa kawaida hubakiwa na haki ya fidia tu, si ya kulirudisha. Kwa hivyo usiendelee kulitumia kwa safari za kila siku huku ukingoja ahadi za simu. Andika barua yenye nambari ya usajili, nambari ya chesi, tarehe ya ununuzi na orodha ya matengenezo yote, kisha useme waziwazi: "Ninalikataa gari hili na ninadai nirejeshewe bei yote, au nibadilishiwe jingine la aina hiyo hiyo." Weka muda wa kujibiwa, siku 14 zinatosha kwa maoni yangu. Peleka mwenyewe shorumu, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala nyingine iende kwa msambazaji wa kitaifa na kwa mtengenezaji, ambaye mara nyingi ndiye mwenye uamuzi wa mwisho juu ya waranti.

Wakinyamaza, lalamika kwa maandishi kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ukiambatisha nakala za kila kitu. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na hukuruhusu kujitetea mwenyewe. Hiyo yafaa kwa fidia ya matengenezo. Bei yote ya gari jipya huvuka kiwango hicho, hivyo dai lake hupelekwa mahakama ya hakimu, na hapo wakili ni wa lazima kivitendo ingawa si kisheria.

Kama ulinunua kwa mkopo, ijulishe benki siku ile ile unayopeleka barua, kwa kuwa jina lake limo kwenye logibuku. Usisimamishe malipo ya kila mwezi: mgogoro wako na muuzaji haulizuii deni, na pesa zikirejeshwa, benki huchukua haki yake kwanza.