Somo: Namna ya kuufaidi mji wa Istanbul unaporudi kwa mara ya pili

Mgeni anayefika Istanbul kwa mara ya kwanza huwa na orodha ndefu mkononi, naye aghalabu hurejea kwao akiwa ameyaona majengo mengi ilhali mji wenyewe hajauona. Somo hili limeandikwa kwa ajili ya yule ambaye ameshaipita hatua hiyo, akaupenda mji, na sasa anajiandaa kuurudia. Pendekezo langu ni moja, nalo ndilo linalotawala hatua zote: chagua uzi mmoja, ufuate mjini kote, na usijutie yale utakayoyaacha.

Hatua ya kwanza: Chagua majira

Miezi ya Aprili na Mei, au Septemba na Oktoba, ndiyo inayomfaa mtembea kwa miguu. Mwezi wa Aprili maua ya tulipu huchanua katika bustani ya Emirgan, na mwezi unapokaribia kwisha miti ambayo Waturuki huiita erguvan huzipamba kingo za Bosporus, mlangobahari unaoutenganisha upande wa Ulaya na upande wa Asia wa mji, kwa rangi ya zambarau iliyochanganyika na wekundu. Anayeweza kwenda wakati wa Ramadhani ataona jambo jingine: maandishi ya taa yanayotundikwa baina ya minara ya misikiti mikubwa, na familia zilizotandika mikeka katika mtaa wa kale wa Sultanahmet zikisubiri adhana ili zifuturu.

Hatua ya pili: Lala upande wa Asia

Katika safari ya kwanza ni sawa kulala Sultanahmet, kwa kuwa hapo ndipo palipo na majengo ambayo kila mgeni anayataka. Katika safari ya pili nashauri ulale Kadıköy au Üsküdar, ng'ambo ya pili ya maji, mahali ambapo watu wanakwenda kazini, wananunua samaki na kugombana na watoto wao bila kumjali mgeni. Faida kubwa zaidi ni kwamba kila siku yako itaanza kwa feri.

Nunua kadi ya usafiri iitwayo İstanbulkart siku ile ile unayofika, maana ndiyo hutumika katika feri, tramu, metro na mabasi. Ipo pia treni ya Marmaray, ambayo tangu mwaka 2013 inapita chini ya Bosporus na kuiunganisha Asia na Ulaya. Treni hiyo hukata nauli ya safari nzima unapoingia, lakini ukishuka kabla ya mwisho wa njia utakuta mashine karibu na lango la kutokea, na ukiigusisha kadi yako hapo utarudishiwa kilichozidi. Wenyeji hupanga foleni mbele ya mashine hizo huku wageni wakizipita bila kujua zinafanya kazi gani.

Hatua ya tatu: Shika uzi wako

Uzi ninaoupendekeza ni Sinan, msanifu mkuu wa majengo wa dola ya Kiosmani, aliyeishika kazi hiyo kwa takriban miaka 50 hadi alipofariki mwaka 1588. Alizaliwa katika familia ya Kikristo, akachukuliwa kijana kuingizwa katika utumishi wa sultani, na kabla ya kujenga misikiti alikuwa askari aliyejenga madaraja na kuvusha majeshi. Ukilifahamu hilo utaelewa kwa nini majengo yake yanaonekana kusimama kwa hesabu kwanza na mapambo baadaye.

Anza na msikiti wa Şehzade, uliokamilika mwaka 1548, ambao Sultani Suleiman aliujenga kwa kumbukumbu ya mwanawe Mehmed aliyefariki akiwa kijana. Inasimuliwa kwamba Sinan mwenyewe, alipokuwa mzee, aliuita msikiti huo kazi yake ya uanagenzi, akauita msikiti wa Süleymaniye kazi ya fundi aliyekwisha kuhitimu, na msikiti wa Selimiye ulioko mji wa Edirne kazi ya ubingwa. Kwa hiyo ukitoka Şehzade na kutembea kwa muda mfupi hadi Süleymaniye, uliokamilika mwaka 1557, unatembea kutoka kwa mwanagenzi hadi kwa fundi. Kaa ndani bila kupiga picha kwa nusu saa, utazame jinsi viegemeo vizito vinavyosaidia kulibeba kuba vilivyofichwa ndani ya kuta hata kuba likaonekana kuelea. Ukitoka, tafuta kaburi la Sinan kwenye pembe ya nje ya eneo hilo. Ni dogo na la unyenyekevu, na watu wengi hulipita wakilifuata lile la sultani.

Siku inayofuata nenda msikiti wa Rüstem Paşa, jirani na gati la feri la Eminönü. Msikiti huu umejengwa juu ya maduka, nao hufikiwa kwa ngazi ambazo ni rahisi kuzikosa, lakini ndani kuta zimevikwa vigae vya mji wa Iznik vya buluu na vyekundu kiasi kwamba jicho halijui pa kutua. Rüstem alikuwa waziri mkuu, na mkewe alikuwa Mihrimah, binti wa Suleiman. Sasa panda feri hadi Üsküdar, na jengo la kwanza kubwa utakalolikabili ukishuka ni msikiti wa Mihrimah, nao pia ni wa Sinan. Mume yuko Ulaya, mke yuko Asia, na maji yako katikati yao. Hatua chache ufukweni uko msikiti mdogo wa Şemsi Paşa, aliousanifu Sinan uzeeni, ambao kwangu mimi unayashinda majengo yote makubwa niliyoyataja, kwa sababu mawimbi hufika karibu kabisa na ukuta wa ua wake.

Hatua ya nne: Ichukue feri kama mahali, wala si chombo tu

Safari ya Eminönü hadi Kadıköy huchukua kama dakika 20, na inatosha kwa bilauri moja ya chai na nusu ya simit, mkate wa duara wenye ufuta. Nusu ya pili wataidai shakwe. Kaa nje. Maji ya juu ya Bosporus hutiririka kutoka Bahari Nyeusi kuelekea Bahari ya Marmara, na chini yake upo mkondo mwingine wa maji yenye chumvi zaidi unaokwenda kinyume. Ndiyo maana feri zinazovuka huonekana kulenga pembeni kidogo ya pale zinapokwenda.

Ukiwa na siku nzima, panda feri ndefu inayoanzia Eminönü na kuishia Anadolu Kavağı, karibu na Bahari Nyeusi. Utapita mahali pembamba kuliko pote, penye upana wa mita 700 hivi, ambapo Sultani Mehmed wa Pili alijenga ngome ya Rumeli Hisarı mwaka 1452, mwaka mmoja kabla ya kuuteka mji.

Hatua ya tano: Jua siku za kufungwa

Kasri la Topkapı hufungwa Jumanne, kasri la Dolmabahçe hufungwa Jumatatu, na soko kubwa la Kapalıçarşı hufungwa Jumapili. Watalii hawaingii misikitini wakati wa swala, na Ijumaa mchana subira huwa ndefu zaidi.

Maswali ya wanachama

Swali: Ndugu mwandishi, mimi ndiyo kwanza nakwenda, tena kwa siku tatu tu. Je, somo hili linanihusu?

Jibu: Linakuhusu kwa sehemu, ndugu yangu. Siku ya kwanza itumie Sultanahmet: Ayasofya, kanisa la kale ambalo sasa ni msikiti, iliyokamilika mwaka 537, na hifadhi ya maji ya Yerebatan yenye nguzo 336 chini ya ardhi. Ufahamu kwamba tangu Januari 2024 watalii wa kigeni hupanda ghorofa ya juu ya Ayasofya kwa tiketi, na ukumbi wa chini umeachiwa wanaokwenda kuswali. Siku ya pili iwe ya Topkapı na soko. Ya tatu usiipangie kitu chochote isipokuwa feri na Üsküdar.

Swali: Nasafiri na mama yangu mzazi ambaye magoti yanamsumbua, nami nasikia mji ni wa vilima. Tufanyeje?

Jibu: Ni kweli, mji una miinuko mikali, hasa kati ya Karaköy na Beyoğlu. Hapo mpandishe mama Tünel, kireli kifupi cha chini ya ardhi kilichofunguliwa mwaka 1875, cha pili duniani kwa ukongwe baada ya kile cha London cha mwaka 1863. Rüstem Paşa iacheni kwa sababu ya ngazi. Süleymaniye nendeni kwa teksi hadi langoni, na mhakikishe mita ya teksi imewashwa kabla gari halijaondoka.

Swali: Nisipojua Kituruki nitapata shida?

Jibu: Unakijua zaidi kuliko unavyodhani. Saat, dakika, kitap, dünya, sabun na vakit utayatambua yote, kwa kuwa sisi na wao tuliyachota katika kisima kimoja cha Kiarabu. Mkahawani ukitaka kulipa, sema "hesap, lütfen". Usishangae kijana mdogo akikuambia "merhaba" kabla hujamwamkia. Kwao hiyo ni salamu ya kawaida, wala hajajipa ukubwa. Ukisoma, c husomwa kama j yetu, ç kama ch, na ş kama sh.

Swali: Kuna hila gani za kuepuka?

Jibu: Mng'arisha viatu akiangusha brashi mbele yako, ameiangusha makusudi. Ukiiokota na kumpa, atakung'arishia kiatu kwa shukrani, kisha atakudai fedha. Asiyekujua akikualika ghafla kinywaji usiku, mshukuru na uendelee na njia yako.

Swali: Majengo ya Sinan hayanivutii sana. Naweza kushika uzi mwingine?

Jibu: Bila shaka. Jaribu uzi wa maji. Anza na mfereji wa juu wa Valens, uliojengwa na Warumi katika karne ya 4 ili kuleta maji mjini, kisha ushuke Yerebatan yalipohifadhiwa maji, na umalizie kwenye chemchemi ya Sultani Ahmed wa Tatu ya mwaka 1728, nje ya lango la Topkapı. Mfereji huo usiutafute makumbusho: barabara kuu ya Atatürk inapita katikati ya matao yake, na utaukuta juu ya kichwa chako ukiwa ndani ya basi.