Kabla hujamleta mtoto wa mbwa nyumbani: kwa walioko Uingereza

Wengi wetu tulikulia na mbwa wa uani: mchana kafungwa, usiku anaachiliwa, anakula makombo na kubweka mgeni akifika getini. Uingereza mbwa analala ndani, anapanda basi na treni, na akifanya kosa anayeulizwa ni wewe. Kwa hiyo kabla hujauliza bei, itazame ratiba yako ya kazi. Hata mbwa mzima, mashirika ya kutetea wanyama ya Dogs Trust na RSPCA yanashauri asiachwe peke yake zaidi ya masaa 4 kwa mara moja. Mtoto wa wiki 8 hawezi hata nusu ya hayo. Kama unaishi peke yako na unafanya shifti za masaa 12 kwenye nyumba ya wazee, nakusihi usimchukue mwaka huu. Mkiwa wawili au watatu mnaopishana shifti, kaeni mpange kabisa nani yupo lini. Na kama mmepanga nyumba, someni mkataba, kisha mwombeni mwenye nyumba ruhusa kwa maandishi.

Kwa upande wa England, tangu Aprili 2020 wafanyabiashara hawaruhusiwi kuuza mtoto wa mbwa chini ya miezi 6 ambaye hawakumzalisha wenyewe. Unamchukua kwa mfugaji aliyemzalisha, au kwenye kituo cha kuokoa wanyama. Nenda mpaka alikozaliwa, umwone akiwa na mama yake. Muuzaji anayetaka mkutane kwenye maegesho ya magari, achana naye hata kama bei ni ya kutupa. Mtoto asiwe chini ya wiki 8, na awe amewekwa chipu, kidude kidogo cha utambulisho chini ya ngozi. Wewe utahamisha usajili wa chipu hiyo uwe kwa jina lako. Asiyetimiza hilo anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 500. Akitoka nje, avae mkanda wa shingoni wenye jina na anwani yako.

Wiki ya kwanza, kazi kubwa ni haja. Mtoe nje kila akiamka, kila akimaliza kula, kila akimaliza kucheza, na usiku pia. Ukimwona ameacha mdoli wake ghafla, ananusa sakafu na kuzunguka palepale, usisubiri, mbebe umtoe. Simama naye kimya mpaka amalize, kisha hapohapo msifu na umpe kipande cha kuku kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Ukichelewesha zawadi mpaka mkirudi ndani, atadhani anazawadiwa kwa kuingia mlangoni. Akichafua zulia, safisha kwa dawa maalumu inayoua harufu ya mkojo, kwa sababu harufu ikibaki atarudi palepale. Usimpige wala usimsugue pua kwenye mkojo. Anachojifunza hapo ni kukuogopa na kwenda kujificha nyuma ya kochi kufanya haja yake. Isitoshe, sheria ya ustawi wa wanyama ya 2006 inakuwajibisha ukimtesa.

Amri zenu ziwe za aina moja. Mama akisema "kaa", watoto wasiseme "sit" na baba "keti". Kiswahili anakielewa vizuri tu, ilimradi nyumba nzima itumie neno lilelile. Mafunzo ya dakika chache mara kadhaa kwa siku yanatosha, maana mtoto wa mbwa hulala sehemu kubwa ya siku. Akikung'ata akiwa mchezoni, nyamaza, ondoa mkono, mpe kitu chake cha kutafuna. Meno yakibadilika, kati ya miezi 3 na 7 hivi, atatafuna kila kitu, kwa hiyo viatu vipandisheni juu.

Chakula ndipo jikoni kwetu kuna hatari. Karibu kila mchuzi wetu huanza na kitunguu, na kitunguu maji au kitunguu saumu huharibu damu ya mbwa. Basi msimtilie mabaki ya mchuzi juu ya ugali kama tulivyozoea. Chokoleti, zabibu mbichi au kavu, na peremende zenye xylitol (kitamu kinachotumika badala ya sukari) ni sumu kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika ikawa na ncha na kumchoma tumbo.

Mpaka karibu wiki 14 ndio wakati wa kumzoesha dunia: mashine ya kufulia, mvua, wazee wenye fimbo, mama aliyevaa buibui. Kabla chanjo hazijakamilika, mbebe mikononi aone na kusikia bila kugusa ardhi, kwa sababu ya parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa.

Wageni wetu mjipange nao mapema. Wengi wanaogopa mbwa kwa dhati, na wapo Waislamu, hasa wa madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani, ambao mate ya mbwa kwao ni najisi inayohitaji kuoshwa mara 7, moja kwa udongo. Tengeni chumba asichoingia mbwa kabisa, na mswala safi. Weka geti dogo la watoto mlangoni mwa jikoni, mbwa abaki nyuma yake wageni wakiingia, na mfundishe kutulia kwenye mkeka wake. Usimlazimishe mgeni "amzoee". Tangu 2014 sheria ya mbwa hatari inahusu hata ndani ya nyumba yako, na mtu akiwa na sababu ya kuhofia kujeruhiwa tayari ni kesi.

Na kama unawaza kumleta mtoto wa mbwa kutoka Kenya au Tanzania, anza mapema sana. Anahitaji chipu, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa, kipimo cha damu siku zisizopungua 30 baada ya chanjo, halafu angoje miezi 3 tangu damu ilipotolewa. Kufikia hapo si mtoto tena, na ule wakati wa kuzoea dunia ameshaupitia huko nyumbani.