Tangazo la kuwaalika wasanii: namna ya kuomba kazi za sanaa kuhusu misukosuko na kuzipata kweli

Tangazo langu la kwanza lilisema hivi: "Tunawaalika wasanii wote kuwasilisha kazi zinazohusu mabadiliko katika jamii." Zikaja kazi arobaini na kitu. Kumi na moja zilikuwa na mnyororo unaokatika. Ramani ya Afrika inayovuja damu zilikuwa sita. Ngumi zilizoinuliwa mbele ya jua linalochomoza sikuzihesabu. Kosa halikuwa la wasanii. Niliwauliza swali la jukwaani, wakanijibu kwa hotuba.

Tangu siku hiyo nimeratibu maonyesho mengine manne hapa Dar es Salaam, matatu kwenye kumbi za kukodi na moja kwenye baraza ya nyumba ya watu. Ninavyofanya sasa ni hivi.

Hatua ya 1: Chagua msukosuko mmoja, wenye mahali pake na tarehe yake

"Mabadiliko" ni neno la kampeni, kila mtu ameshalitumia mpaka limechakaa. Tafuta jambo ambalo watu wa mtaani kwako wakilitaja wanaanza kwa "siku ile". Kwangu mimi lilikuwa Bonde la Msimbazi, bonde la mto unaokatiza Dar es Salaam. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu bondeni, na wengine wakapelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Desemba 2015 ikaja bomoabomoa, nyumba zikiwa zimeshaandikwa X kwa rangi nyekundu. Na hata asiyewahi kuishi bondeni ana lake la kusema kuhusu Jangwani, pale barabara inapokatiza bonde, mvua ikinyesha. Hapo msanii hana shida ya mnyororo. Ana ile X. Ana godoro lililoanikwa juu ya bati. Ana mlango uliong'olewa na fremu yake ukapakiwa kwenye guta kwenda kuanza upya kwingine.

Neno lililonifungua macho nililipata Lubumbashi, Kongo. Huko, miaka ya 1970, mafundi wa rangi walichora picha za kutundikwa sebuleni kwa watu wa kawaida, na picha hizo zikaitwa ukumbusho. Mmoja wao, Tshibumba Kanda Matulu, alichora historia nzima ya nchi yake, picha baada ya picha, juu ya kitambaa cha magunia ya unga: Lumumba, kujitenga kwa jimbo la Katanga mwaka 1960, vita vilivyofuata. Picha ya ukumbusho kazi yake ni kumfanya mwenye nyumba asimulie. Mgeni anatazama ukutani, anauliza, maneno yanaanza. Nilipoacha kuwaambia wasanii "onyesheni mabadiliko" nikawaambia "tukumbusheni jambo moja", minyororo ilipungua hadi miwili.

Hatua ya 2: Andika tangazo ambalo msanii anaweza kulifanyia hesabu

Msanii akisoma tangazo anapiga hesabu tatu: nina kazi ya namna hii? nitaifikishaje? nitapata nini? Asipopata majibu anaacha, na anayeacha mara nyingi ndiye uliyekuwa unamtaka. La Msimbazi lilisomeka hivi:

"Bonde la Msimbazi limehamisha watu zaidi ya mara moja. Tunatafuta kazi kuhusu kitu kimoja kilichohama, kilichobaki au kilichopotea. Inaweza kuwa mchoro, picha ya kamera, kitambaa, sanamu, sauti, au video isiyozidi dakika 8. Kazi ya zamani inakubalika. Si lazima uwe umeishi bondeni, ila tuambie unalijuaje. Upande wowote usizidi sm 120, uzito usizidi kilo 15. Tutachagua kazi 14. Kila aliyechaguliwa atalipwa shilingi 150,000, kazi yake iuzwe isiuzwe, na usafiri wa kazi ndani ya Dar ni juu yetu. Hakuna ada ya kushiriki. Mwisho ni Ijumaa saa 12 jioni. Tuma picha 3 za kazi na maelezo yasiyozidi maneno 150, au sauti ya dakika 2 kwa WhatsApp."

Sentimita 120 sikuziokota hewani, nilikwenda kupima mlango wa ukumbi. Kilo 15 ni kwa sababu ukuta ulikuwa wa plasta ya zamani inayobomoka ukiigusa. Neno "jioni" usilisahau. Ukiandika saa 12 peke yake, utapokea kazi hadi usiku wa manane, na aliyetuma atakuwa na hoja.

Ile sauti ya dakika 2 ndiyo iliyoniletea watu wapya kuliko kitu kingine chochote. Wapo wasanii wazuri wanaoganda wakiambiwa waandike "maelezo ya msanii". Wape nafasi ya kuongea, utasikia mtu anakueleza kazi yake kama anamweleza jirani. Maelezo ya ukutani niliyoyatoa kwenye sauti hizo yalishinda yote yaliyoandikwa.

Kuhusu malipo, msimamo wangu haubadiliki. Huna hela ya kuwalipa wasanii 14, alika 6. Kumtoza msanii ada ili umkatae ni biashara nyingine, si maonyesho.

Hatua ya 3: Mwenye ukumbi alisome tangazo kabla ya umma

Niliwahi kupigiwa simu siku nane kabla ya ufunguzi. Mwenye ukumbi alikuwa ameona tangazo kwenye simu ya mtoto wake, akasoma "bomoabomoa", akasema hataki siasa kwake. Kadi zilikuwa zimeshachapwa. Siku hizi ninampelekea maandishi yote, na picha mbili tatu za mfano wa kazi zinazoweza kuja, tunakaa, tunasaini. Akikataa, anakataa mapema na hela yangu bado iko mfukoni. Wiki hiyohiyo pitia kwa afisa utamaduni wa wilaya na uulize BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, shughuli ya ukubwa wako inahitaji kibali gani. Usiliache hilo kwa wiki ya mwisho.

Tarehe nayo ina mambo yake. Masika, Machi hadi Mei, mimi situndiki kazi za karatasi: zinavuta unyevu na kujikunja. Na kusafirisha michoro ya mafuriko ndani ya mafuriko ni mzaha ambao hautachekesha.

Hatua ya 4: Peleka tangazo kwa miguu

Acha tangazo wazi wiki sita. Kwenye WhatsApp usitume bango la picha peke yake, maana likishasambazwa mara tano herufi ndogo hazisomeki. Tuma na maandishi chini yake. Kisha nenda mwenyewe: kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space pale Mikocheni, wachoraji wa Tingatinga Oysterbay, chuo cha sanaa cha TaSUBa Bagamoyo. Hao ni rahisi, wanajulikana.

Wengi husahau mafundi wa mabango, wale wanaoandika saluni na bucha. Mmoja niliyemkuta Magomeni akichora kichwa chenye mtindo wa nywele aliniambia yeye si msanii. Nikamsomea lile tangazo. Wiki mbili baadaye alinipigia, akaniambia ana mlango. Ulikuwa mlango wa mbao wa duka lililovunjwa, na juu yake yeye mwenyewe, enzi hizo akilipwa na mwenye duka, aliandika TUMEHAMIA kwa bluu, na mshale. Mbele ya mshale palikuwa patupu. Mwenye duka alikuwa bado hajajua anahamia wapi. Mlango ulizidi sm 120 kwa mbali, nikavunja sharti langu.

Hatua ya 5: Chagueni mkiwa watatu, mmoja asiwe msanii

Mimi huketi na msanii mmoja na mtu mmoja aliyepitia jambo lenyewe. Kwa Msimbazi alikuwa mama aliyehama bondeni na watoto wanne. Mzunguko wa kwanza tunatazama kazi bila majina. Yeye ndiye aliyeikataa picha ambayo sisi wawili tuliipenda mno, ya mtoto analia maji yakiwa kifuani. Aliuliza swali moja: "Huyu mpigapicha alimtoa huyo mtoto majini, au aliondoka?" Tulimpigia. Hakukumbuka.

Tangu hapo fomu yangu ina mstari mmoja zaidi: kama kuna mtu anayetambulika kwenye kazi, je, anajua kwamba itaonyeshwa? Kwa mtoto, mzazi anajua? Jibu likiwa hapana, mpe msanii siku kumi akatafute ruhusa. Akishindwa, kazi inabaki nje hata iwe nzuri kiasi gani.

Mjibu kila aliyeomba, na zaidi yule uliyemkosesha. Sentensi mbili zinatosha, zenye jina lake na jina la kazi yake.

Hatua ya 6: Mkataba wa ukurasa mmoja

Uwe na jina la kazi, vipimo, bei, asilimia yako ikiuzwa, tarehe ya kupokea na ya kurudisha, na nani analipa ikiharibika. Omba kwa maandishi ruhusa ya kutumia picha ya kazi kwenye matangazo, kwa sababu kukuazima kazi si kukupa hakimiliki. Piga picha kila kona ya kazi siku inapofika, msanii akiwepo. Mkwaruzo wa zamani ujulikane kuwa ni wa zamani.

Hatua ya 7: Kutundika

Katikati ya kila kazi ninapaweka sm 150 kutoka sakafuni. Hesabu ya msumari iko hivi. Kazi ina urefu wa sm 80, nusu yake 40. Vuta waya wa nyuma kwenda juu kama utakavyoning'inia, pima kutoka hapo hadi ukingo wa juu wa fremu, tuseme sm 6. Basi 150 jumlisha 40 ni 190, toa 6, msumari unakaa sm 184. Fanya hivyo kwa kila kazi hata kama fremu zinafanana, waya hazifanani.

Kazi za kilio zisipangwe zote ukuta mmoja. Acha nafasi tupu, weka benchi. Kwenye maonyesho ya Msimbazi watu walikaa kwenye lile benchi kuliko walivyosimama, wakabishana maji yalifika wapi mwaka ule, mmoja akaonyesha kwa mkono kwenye ukuta.

Kurudisha kazi kufanyike ndani ya siku saba, mkononi, na saini. Kazi 13 nilizirudisha. Ule mlango bado uko kwangu, nimeuegesha nyuma ya kabati, na kila nikimpigia fundi nimpelekee ananiambia nisubiri kidogo, amehama.