Kwilti ya mabaki ya vitenge, na taa kwa vinavyobaki

Wale mlioulizia lile shuka zito la viraka, haya twende. Vipande usinunue, pita kwa fundi cherehani wa mtaani, yale mabaki anayofagia jioni ukimuomba vizuri anakupa bure au kwa hela ya soda. Chukua pamba tupu. Ukiwa na wasiwasi chomoa uzi uuwashe kiberiti, pamba inanuka kama karatasi inayoungua na inaacha jivu, polyesta inayeyuka afu inakuwa kadonge kagumu, hiyo weka pembeni maana haivumilii pasi ya moto.

Hatua ya 1, fua vyote kabla hujakata. Jamani msiruke hapa. Kitenge kipya kinasinyaa, na nyekundu ndo mchawi wa kuchuja, kwaiyo loweka rangi kali pekeyake mpaka maji yatoke safi. Kikikauka piga pasi.

Hatua ya 2, kata boksi gumu mraba wa inchi 6 na nusu, hiyo ndo patani yako, uchore kwa kufuata nyuzi za kitambaa sio mshazari, mshazari unavutika. Mshono unakula robo inchi kila upande kwaiyo unabaki na 6 kamili. Kitanda cha futi 5 kwa 6 kinataka vipande 12 kwa upana na 13 kwa urefu, jumla 156, hapo shuka linaning'inia inchi 6 pembeni zote na miguuni.

Hatua ya 3, panga vyote sakafuni kwanza afu piga picha na simu, kwenye picha ndo utaona bluu zote zimerundikana kona moja. Sasa shona mstari mmoja mmoja. Watu wanadhani siri ni cherehani ya umeme, wapi, ya miguu inatosha kabisa, siri ni pasi: mstari wa kwanza laza mishono yote kushoto, wa pili kulia, wa tatu kushoto, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukiunganisha mistari ile mishono inakabana yenyewe na kona zinakutana, bila hivyo utavuta vuta kitambaa mpaka ukasirike.

Hatua ya 4, tandaza kitambaa cha mgongo uso ukiangalia chini, kizidi inchi 3 kila upande, juu yake blanketi jepesi la zamani, juu kabisa viraka vyako. Piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda ya kushikilia vyote vitatu, kuanzia katikati kwenda nje, ukianzia pembeni mikunjo yote inakimbilia katikati. Shona kufuata mistari, fumua bandi, punguza kingo, zungushia utepe wa upana wa inchi 2 na nusu uliokunjwa katikati kwa urefu.

Vilivyobaki fanya taa. Tafuta kava la mbele la feni bovu, lile la waya, lisafishe kutu, pakaa gundi nyeupe ya mbao, bandika vipande vikipandana kidogo. Khanga inapitisha mwanga vizuri kuliko kitenge. Balbu iwe LED ya wati 5 au 7 tu, zile za zamani za waya zinachemka zitakuunguzia nyumba, na kitambaa kisigusane na balbu. Zima meni swichi kabla ya kugusa holda, na kama waya zenyewe huzielewi muite fundi umeme afunge yeye.