Kuongoza tao la umeme kwenye ombwe kwa sumaku

Kanuni ya mkono wa kushoto uliyofundishwa shuleni iache mlangoni. Kwenye hewa, sumaku hulisukuma tao la umeme (mkondo unaoruka peupe bila waya, ukiwaka) upande ule ule ambao ingeusukuma waya wenye mkondo. Kwenye ombwe, yaani mahali palipoondolewa hewa, mambo hugeuka: tao hukimbilia upande wa pili. Johannes Stark aliliona jambo hili mwaka 1903, na wanafizika hawajaacha kubishana kuhusu sababu yake. Mimi napaka vifaa vya kukatia chuma utando wa titani nitridi, kwa hiyo swali langu ni dogo zaidi: tao litapita wapi kwenye kathodi, yaani kipande cha titani cha upande hasi ambacho mvuke wake ndio unaofanya utando?

Tao la ombweni huishi kwa mvuke wa kathodi yenyewe, unaofoka kutoka kwenye madoa madogo mno yanayong'aa. Doa halitembei hasa. Linazimika, jingine linawaka ubavuni mwake, upesi kiasi kwamba jicho linaona mstari tu. Kazi ya uga sumaku ni kuamua ubavu upi. Ukiliachia tao bila sumaku litazurura ovyo, na mara nyingi litaishia ukingoni, kwenye vibanio.

Nyuma ya kathodi weka sumaku ya duara katikati, kisha izungushie sumaku za ncha tofauti, zote zikiegemea bamba la chuma laini. Mistari ya uga itatoka katikati, ipinde juu ya uso wa kathodi na kurudi pembeni. Sasa chukua kipima uga, ukipitishe taratibu juu ya uso ukisoma sehemu ya uga iliyo wima tu. Inapofika sifuri, tia alama ya penseli, na uendelee mpaka upate mzingo kamili. Madoa yatakimbia juu ya mzingo huo. Hatua hii usiiruke; ndiyo kazi yenyewe, mengine ni kufunga skrubu.

Ukingoni kuna kanuni nyingine. Mstari wa uga ukiuingia uso kwa kuinama, madoa huteleza kuelekea pembe kali, yaani upande ambako mstari na uso vimebanana. Hakikisha pembe hiyo inatazama ndani. Ikitazama nje, madoa yatatoka kwenye titani na kuanza kula kishikizo.

Anza na uga wa militesla chache (militesla ni kipimo cha nguvu ya uga). Ukiongeza uga, madoa hukimbia zaidi na matone ya metali ya kathodi yanayochafua utando hupungua, lakini volti za tao hupanda na tao huzimika kwa urahisi. Kathodi ya nikeli au chuma itakusumbua kwa sababu inaunyonya uga wenyewe. Na maji ya kupoza yasikatike: sumaku za neodimi za kawaida huanza kudhoofu zikipita nyuzi 80 hivi za Selsiasi.

Haya ni ya tao la ampia kumi kadhaa hadi mamia. Kwenye swichi za ombwe za umeme mkubwa, mkondo ukifika takribani kiloampia 10 tao hujikusanya kuwa nguzo moja, nayo hutii ile kanuni ya shule.

Washa sasa, ukitazama kwa kioo cheusi cha fundi wa kuchomelea. Ukitaka kuhakikisha ni sumaku inayoongoza, zima, geuza ncha zote, washa tena: njia itabaki ile ile, ila madoa yatazunguka kinyume.