Ukipanga kwenda milima ya Usambara, soma hii kwanza

Kabla hujalipia chochote jua kwamba Usambara ziko mbili. Kuna Usambara Magharibi, hapo ndo kuna Lushoto, Soni, Magamba na Mtae, alafu kuna Usambara Mashariki ambako ndo Amani, wilaya ya Muheza, na katikati kuna bonde la Lwengera linazitenganisha. Watu wanaangalia ramani kwenye simu wanaona ni karibu, wanapanga asubuhi Lushoto mchana Amani, matokeo yake siku nzima inaishia kwenye gari, maana inabidi ushuke mpaka Mombo, upite Korogwe, ufike Muheza ndo uanze kupanda mlima mwingine. Kama una wikiendi moja tu chagua upande mmoja. Ukiwa na wiki, fanya pande zote mbili na kila upande upe siku zake.

Tuanze na Lushoto maana ndo wengi wanaanzia huko. Kutoka Dar kuna mabasi yanaenda moja kwa moja mpaka Lushoto, ila ukipata la Arusha au Moshi shuka Mombo, hapo magari madogo ya kupanda juu yapo mchana kutwa. Barabara ni lami, kilomita thelathini na kitu za kona tupu, kwaiyo kama tumbo lako halipendi kona kaa mbele na usile sana Mombo. Katikati ya njia utapita Soni, maporomoko yanaonekana pale pale barabarani, wengi wanapiga picha dirishani wanaendelea, lakini ukiweza shuka, maana Soni ndo mlango wa kwenda Vuga.

Vuga yenyewe saivi ni kijiji cha kawaida, hamna jumba la makumbusho, ila ndo palikuwa makao ya Wakilindi waliotawala Usambara. Wazee wanasimulia habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu baada ya ndugu zake kumkataa kwa kuwa alikuwa kigego, yaani aliota meno ya juu kwanza, akaja huku akawa anawaulia watu nguruwe waliokuwa wanamaliza mashamba na nyama anawagawia, kisha akaua simba na watu wa Vuga wakamfanya mfalme, Simba Mwene. Uzao wake ukafika mpaka kwa Kimweri ye Nyumbai ambaye mamlaka yake yalifika hadi pwani, na mmisionari Krapf alimfuata huko huko Vuga mwaka 1848. Sasa ukienda usiingie tu na kamera, pita kwanza ofisi ya kijiji, jitambulishe, omba mzee wa kukupeleka na kukusimulia, na penye makaburi ya watawala uliza kabla hujasogea wala kupiga picha. Hizi ni sehemu za watu za heshima, na ukienda kwa adabu utasimuliwa mambo ambayo huwezi kuyapata kwenye kibao chochote.

Lushoto mjini ni kituo tu cha kulala na kununua vitu. Enzi za Wajerumani paliitwa Wilhelmstal, na majengo yao ya zamani bado yapo. Pitia sokoni, msimu ukiwa mzuri utakuta plamsi, mapeasi na mboga za kila aina zimetoka shambani siku hiyo hiyo. Irente, ukingo wa mlima wa kutazamia tambarare za chini, utaenda tu maana kila mtu anaenda, ni kilomita kama tano au sita, bodaboda wanapajua wote ila kwa miguu ndo kuzuri zaidi, njiani unapita Irente Farm ya kanisa la Kilutheri (KKKT) wanakouza jibini, mkate na jemu vinavyotengenezwa hapo hapo, nunua ukale huko mbele. Nenda alasiri. Asubuhi mara nyingi ukungu unafunika kote na unaishia kuangalia weupe mtupu, jioni ndo unaona tambarare za Mazinde chini kabisa, karibu mita 1,000 chini ya miguu yako, na mashamba ya mkonge. Ukingo haujazungushiwa vizuri, wenye watoto washikeni mkono.

Tatizo langu na wageni wengi wa Lushoto ni kwamba wanaishia Irente. Wanarudi wanasema wameona Usambara, kumbe msitu hawajaukanyaga! Msitu ni Magamba, juu ya mji, hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu. Unafika ofisini kwao, unatoa kitambulisho (Mtanzania beba NIDA, bei yako ni tofauti na ya mgeni wa nje), unapewa kontrol namba unalipa kwa simu, unachukua mwongozaji mnaingia. Mle ndani mnaenda taratibu. Ukiwa na haraka utaona miti tu, ukisimama kimya dakika kumi utasikia matawi yanatikisika na mbega hao, weusi na manyoya meupe mabegani, wanaruka mti hadi mti. Mwambie mwongozaji akuonyeshe mkulo, mti mkubwa ambao mbao zake ziliponza misitu hii kwa miaka mingi.

Na kama unalala karibu na msitu omba matembezi ya usiku kwa ajili ya vinyonga. Mchana utawapita bila kuwaona, usiku ndo rahisi, kwa sababu wakilala wanabadilika rangi wanakuwa weupe weupe na wanalala ncha kabisa ya kitawi, ukimulika tochi anang'aa kama karatasi iliyonasa kwenye majani. Wapo dume wenye pembe mbili puani na aina kadhaa hazipatikani sehemu nyingine yoyote duniani, maana misitu ya Tao la Mashariki, yaani safu ya milima ambayo Usambara imo, imekaa mamilioni ya miaka ikipata mvua kutoka Bahari ya Hindi huku ikiwa imetengana na misitu mingine, viumbe vikabadilika kivyake humo. Tafadhali usimshike, usimtoe kwenye tawi ili upige picha. Mulika kidogo, angalia, endelea na njia.

Mtae weka mwisho wa safari ya magharibi. Ni karibu kilomita 60 kutoka Lushoto, kijiji kimekaa juu ya ukingo kabisa, chini unaona hifadhi ya Mkomazi na hali ya hewa ikiruhusu Kilimanjaro inajitokeza. Magari ya kurudi mengi yanaondoka alfajiri kwaiyo panga kulala.

Sasa Amani, na hapa nasema wazi, kama wewe ni mtu wa msitu hasa acha Lushoto uje huku. Unapanda kutoka Muheza, penye vumbi mvua ikinyesha ni utelezi, gari dogo la chini utajuta. Utaanzia Sigi, ambako nyumba ya stesheni ya reli ya Wajerumani bado imesimama, maana walijenga reli kuja kuchukua mbao huku, na ndo lango la hifadhi, malipo unafanyia hapo. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani mwaka 1902 na kupanda miti ya kila pembe ya dunia, bustani yao mpaka leo unatembea ndani yake. Ila kuna miti waliyoleta ikatoroka, Maesopsis imeingia msitu wa asili na inawasumbua wahifadhi, mwongozaji mzuri atakuonyesha jinsi unavyoutofautisha na mtambara ambao ni wa hapa hapa. Hifadhi yenyewe ilitangazwa 1997, ina hekta 8,380.

Kitu cha kutafuta Amani ni lile ua dogo la zambarau ambalo Ulaya wanalipanda kwenye vyungu madirishani. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani pale Tanga, alipeleka mbegu kwao na ndo likaenea dunia nzima kama Saintpaulia. Huku liko porini, liangalie kwenye miamba ya kivulini karibu na maji, limejishikiza kwenye ufa wenye majimaji na ukoga, majani ya mviringo yenye vinyweleo, katikati ya ua kuna njano. Ni dogo kuliko unavyotegemea, inabidi uiname. Kuling'oa ni marufuku, na limebaki sehemu chache.

Wanaotaka kuona ndege waamke mapema, chozi wa Amani yupo na bundi wa Usambara pia, huyo wa pili bahati.

Beba jaketi hata kama umetoka Tanga unatokwa jasho, Juni mpaka Agosti Lushoto usiku ni baridi ya kweli. Epuka Machi mpaka Mei kama huna gari la nguvu. Viatu vya soli yenye meno, soksi ndefu uchomekee suruali kwa ajili ya siafu, koti la mvua, tochi, na hela taslimu kwa sababu ukitoka mjini mtandao unakata na wakala anaweza akawa hana floti. Bei ya mwongozaji kubalianeni kabla hamjaanza kutembea, muulize kitambulisho, na kama njia inapita mashambani kwa watu muulize pia kijiji kinalipwa nini, wengine wana utaratibu wao na mchango unalipwa ofisini kwa risiti.